Tulivyokubaliana Juu ya Umri wa Kuyu

Nasikia siku hizi mko wanne katika kile chumba cha hadubini, na kwamba mmewekewa kompyuta inayopiga picha kijiwe cha samaki na kukikuza hadi kijae kioo kizima. Nafurahi. Sisi tulikuwa wawili na hadubini mbili, moja ikiwa na lenzi yenye ufa. Juzi mmoja wenu alinipigia simu akaniomba niwaandikie siri za kazi, nami nilicheka peke yangu hapa Kathiani mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Siri ninazo chache, na nyingi mtazikuta vitabuni. Lakini kuna kosa moja ambalo hamtalikuta kitabuni. Nililifanya mimi, na lilimgharimu rafiki yangu Twaha macho yake. Nitalifikia. Mnivumilie nikizunguka kidogo, maana mtu anayekaa peke yake akipata wa kumsikiliza hamalizi haraka.

Kwanza, msitegemee kwamba kwenu wataelewa mnachofanya. Marehemu mama yangu alimwita samaki nyoka wa majini, kama wazee wengi wa Ukambani wa zamani. Nilipotoka kazini nilikuta beseni la maji na sabuni nje ya mlango wa jikoni, na sikuruhusiwa kuvuka kizingiti kabla ya kunawa hadi kwenye viwiko. Siku nilipomweleza kwamba nimeajiriwa kuhesabu miaka ya samaki, aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akaniuliza:

"Kioko, na yangu umeshahesabu?"

Hakuwa anatania. Hakujua mwaka aliozaliwa, na wangu pia hakuwa na hakika nao. Kitambulisho changu kinasema tarehe moja Januari, kama cha nusu ya wazee wa huku, kwa sababu karani alichoka kuuliza. Kwa hiyo nilianza kazi ya kukadiria umri wa viumbe vingine bila kuujua wangu vizuri.

Samaki naye hana kitambulisho. Anacho kijiwe ndani ya kichwa, kwenye sikio, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Kila anapokua vizuri kijiwe kinanenepa, kila anapopata shida kinaandika mstari mwembamba, na mistari hiyo ikizunguka kijiwe chote ndiyo tunaiita pete. Hesabu pete, upate umri. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa siku ya kwanza, na nilidhani nimepata kazi rahisi kuliko zote Machakos.

Aliyenielezea alikuwa Madam Tabitha, mkuu wetu wa maabara, mwanamke mfupi aliyevaa sweta hata mwezi wa Februari. Alinipa gamba la kuyu, yule samaki mkubwa wa mtoni mwenye magamba mapana na sharubu fupi, akaniambia nilisome. Nikahesabu pete mbili safi kabisa, nikaandika miaka miwili. Alinitazama juu ya miwani.

"Kioko, hii gamba imezaliwa juzi. Gamba ya kwanza iling'oka, hii ikaota mahali yake. Sasa hata samaki yenyewe ilizaliwa juzi?"

Nikatazama tena. Katikati ya gamba palikuwa patupu, hapana pete hata moja, kama ukurasa ambao hakuna aliyeuandika. Kuyu mwenyewe alikuwa mezani, urefu wa mkono wangu. Tangu siku ile sikuliamini gamba, na ninyi msiliamini.

Msimwamini kambare pia. Yeye tulimsoma kwenye mwiba wa pezi la kifuani, tukiukata vipande vyembamba kwa msumeno mdogo. Shida ni kwamba mwiba wa kambare mzee huliwa kutoka katikati, tundu likazidi kupanuka na pete za utoto zikaenda nalo. Unahesabu zilizobaki, unamwita kijana, kumbe ni babu aliyepoteza miaka yake ya kwanza.

Kijiwe ndicho bora, lakini nacho kina ukaidi wake. Tulikivunja katikati, tukaipasha nusu moja juu ya mwali mdogo wa taa ya spiriti ili pete zijitokeze. Rangi mnayoitaka ni ya chai ya maziwa. Ikifika rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, mmechelewa, na mkiendelea mtabaki na jivu. Mimi nililipata jivu hilo mwezi wangu wa pili kazini, na halikuwa la samaki wa kawaida. Lilikuwa la mkunga wa Mto Athi, yule samaki mrefu kama nyoka, mnene kama paja, ambaye wavuvi walimleta kwenye gunia lililoloweshwa maji. Madam Tabitha alikuwa ameisoma nusu ya kwanza akasema mkunga yule huenda alinizidi umri. Mimi nikapewa nusu ya pili, nikaigeuza vumbi kwa dakika moja. Hakunigombeza. Alinipa bahasha tupu, akaniamuru niandike juu yake: "Hapa kulikuwa na mzee." Bahasha hiyo ilikaa ukutani mbele yangu mwaka mzima.

Lakini kosa langu la kijinga zaidi lilikuwa la mtoto wa shamba. Huku kwetu tunapanda mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na mkulima yeyote wa Kathiani atawaambia kwamba vuli ndizo za kuamini. Nikajiambia kwamba kuyu naye anaishi kama sisi. Mvua ikija, chakula kinaletwa na maji, ananenepa. Kiangazi kikija anakonda na pete inaandikwa. Misimu miwili, pete mbili, mwaka mmoja. Nikachukua sinia nzima ya vijiwe, nikagawa kila hesabu kwa mbili, nikampelekea Madam karatasi nikiwa nimejivuna kama jogoo.

"Ni nesa, Kioko," akasema, yaani ni vizuri. "Umefikiria. Sasa ule mwaka masika ilikataa kabisa, mpaka watu wakakula mbegu, hii pete yako ya pili ni nani alichora?"

Mwaka huo nyumbani kwetu tulikula mbegu. Ilibidi turudi nyuma, tukaomba daftari la kipimo cha mvua kutoka shule moja ya Kalama, tukaanza kusoma kila kijiwe tukiwa na mvua za miaka ile mezani. Hata hivyo hatukuwa na hakika kamili. Kuna kuyu waliozaliwa mwanzoni mwa vuli na wengine mwishoni, na pete yao ya kwanza haikai mahali pamoja. Kuna waliougua. Kuna waliotaga mayai mwaka wenye maji mengi wakapata mstari ambao haukuhusu kiangazi chochote. Ukimwandika saba, maana yake ni saba kwa kadiri ulivyoona, na mtu mwingine mwenye akili timamu anaweza kuona nane.

Kisha kuna ukingo. Hapa naomba msome polepole. Kuyu akiwa mchanga, pete zake zimeachana hata mtoto atazihesabu. Akizeeka anakua kidogo mno, na pete zinasongamana ukingoni, nyembamba na hafifu. Kuyu wa miaka sita na kuyu wa miaka tisa wanaweza kuwa na urefu mmoja. Tofauti yao ni vijistari vitatu pale ukingoni, na ukivikosa hivyo hutajua kwamba umekosa kitu.

Twaha alivisoma vijistari hivyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa wa mjini, wa ukoo wa Waislamu waliokuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti tangu enzi za babu yake. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu na Kikamba kama aliyezaliwa Kalama. Alikuwa mrefu, na ili kuifikia hadubini ilimbidi ajikunje kwenye kiti. Aliimba puani akiwa anahesabu. Wimbo ukikatika, nilijua amefika ukingoni.

Madam Tabitha alituwekea sheria. Ubao wa plywood katikati ya meza, daftari mbili, penseli mbili, na mdomo mmoja, yaani wake. Urefu wa samaki uliandikwa juu ya bahasha, lakini aliukunja upande huo akaubana kwa pini, kwa sababu ukijua samaki ni mkubwa jicho litakutafutia pete za kumtosha. Juu ya vijiwe hatukuruhusiwa kusemezana hata neno moja.

"Mkiongea kuhusu samaki," alituambia, "mimi siko na wasomaji wawili. Niko na mmoja anakula mishahara mbili. Nataka mgombane kwa karatasi. Mahali mmegombana, hapo ndio mimi naenda kuangalia."

Na alihakikisha tunagombana. Alikuwa akiturudishia vijiwe vilevile baada ya miezi kadhaa, amevipa nambari mpya, kisha anatuonyesha jinsi mtu anavyobishana na yeye mwenyewe. Kuna kimoja nilikiita saba mwezi wa tatu na tano mwezi wa tisa. Twaha alicheka akatoka nje kabisa, akarudi akicheka. Mwezi uliofuata ikawa zamu yake.

Kila Ijumaa asubuhi daftari zililinganishwa. Siku nyingine zote tulikaa kimya pande mbili za ubao, kisha saa saba tukafungua vyakula vyetu: mimi muthokoi wa mahindi na maharagwe aliopika Ndinda, mke wangu, yeye mahamri ya Bi Zuhura, mke wake. Tulibadilishana nusu kwa nusu tukazungumza juu ya kila kitu chini ya jua isipokuwa samaki. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo. Nilimjua kwa sauti ya kiti chake.

Halafu Madam Tabitha akastaafu. Mkuu aliyekuja baada yake hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka, na yeye aliona ugomvi wetu wa karatasi kuwa aibu ya kituo. Alibandika ukutani jedwali la kukubaliana. Alisema kukubaliana kukishuka sana, msomaji mwenye makosa atahamishiwa kituo kingine kulisha vifaranga vya samaki. Mchezo wa kuturudishia vijiwe vya zamani aliuacha, akisema unapoteza muda.

Mwaka huohuo Ndinda akafariki. Watoto wangu wako Syokimau, wananipigia simu Jumapili, nao wana maisha yao. Nilikuwa naamka katika nyumba isiyo na sauti, nachemsha chai ya mtu mmoja, na njia nzima ya kwenda Machakos sikuwa na neno la kumwambia mtu. Neno la kwanza la siku nililisema kwa Twaha, nilipomsalimia. Siku nyingine lilikuwa pia la mwisho. Nawaambia haya mwelewe niliyoyafanya, wala sijitetei.

Ijumaa moja jedwali likatoka, na tulikuwa tumekubaliana nusu tu. Ijumaa iliyofuata ikawa chini ya nusu. Niliwaangalia samaki tuliowagombania na nikaona mpangilio wa tofauti zetu: palipokuwa na kuyu mchanga tulikuwa sawa, palipokuwa na mzee mimi niliandika tisa au kumi, Twaha akaandika sita au saba. Kila mara yeye ndiye aliyekuwa chini. Saa saba alikaa na mahamri mkononi bila kula.

"Sijui, Kioko," akasema. "Pete za ukingoni siku hizi naziona kama zimemwagiwa maziwa. Na wewe unaziona hivyo?"

Aliniuliza, vijana. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alivunja sheria ya ubao akaniuliza swali la kweli, na jibu la kweli lilikuwa kwamba mimi naziona vizuri.

"Ni uchovu tu," nikamwambia. "Hata mimi."

Kutoka siku ile nilianza kufika kazini mapema. Ufunguo wa kabati la daftari ulikuwa kwangu, kwa kuwa siku zote mimi ndiye niliyefungua chumba. Nilikuwa nalitoa daftari la Twaha la jana yake, naliweka kando ya langu, na palipokuwa na pengo nafuta kwa raba. Tisa yangu ikawa sita. Kumi ikawa saba. Sikuzifuta zote, maana sikuwa mjinga. Niliacha tofauti ya moja hapa, ya moja pale, ipate kuonekana kazi ya watu wawili. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Ijumaa jedwali likapanda. Twaha alilisoma akiwa amelisogelea karibu sana, akanigeukia na uso wa mtu aliyesamehewa.

"Alhamdulillahi! Kumbe ulikuwa uchovu kweli."

Jumatatu Bi Zuhura aliniletea bakuli langu peke yangu la mahamri, kwa mkono wa mume wake, shukrani kwa kumtia moyo. Niliyala. Yalikuwa matamu.

Niliendelea hivyo kwa muda wa mvua tano, masika na vuli. Nilijiambia ni huruma. Nilijiambia kwamba mtu aliyesoma vizuri miaka yote ile hastahili kupelekwa kulisha vifaranga kwa sababu ya vijistari. Ukweli ni kwamba niliogopa kubaki peke yangu chumbani. Nilikuwa tayari nimebaki peke yangu nyumbani, na sikuweza kuvumilia mahali pa pili. Kwa hiyo niliposema namsaidia Twaha, niliyekuwa namsaidia ni mimi.

Na sikukosa dalili. Nilimwona akimimina chai kando ya kikombe, akajicheka. Nilimwona akijikwaa kwenye ndoo iliyokuwa mahali pake pa siku zote. Wimbo wake wa puani ulikuwa haukatiki tena ukingoni, unapita moja kwa moja mpaka mwisho. Niliyasikia hayo yote kupitia ubao, na kesho yake asubuhi nikashika raba.

Ripoti nazo zilitoka. Kama kuyu mkubwa hivyo ana miaka sita tu, basi anakua upesi, na anayekua upesi anaweza kuvuliwa sana. Ndivyo ilivyoandikwa, kwa kutegemea sahihi zetu mbili. Baada ya muda wavuvi wenyewe walianza kulalamika kwamba wale wakubwa hawaonekani.

Tulikamatwa na Madam Tabitha, ingawa alikuwa nyumbani kwake akilima. Miaka mingi nyuma alikuwa amewachoma kuyu wachanga sindano ya dawa ambayo huacha mstari mmoja kwenye kijiwe, unaong'aa ukimulikwa kwa taa ya zambarau, akawakata ncha ya pezi na kuwarudisha majini. Hiyo ndiyo njia pekee ya kujua kwa hakika, kwa sababu siku ya mstari imeandikwa kitabuni. Mmoja wao alinaswa. Kijiwe chake kilipita kwetu na nambari ya kawaida kama vingine, kwa sababu mvuvi hakuliona pezi lililokatwa, na Twaha akaandika sita, nami nikafuta tisa yangu nikaandika sita. Wiki iliyofuata mtu wa stoo aliyekuwa akipanga vichwa na miili aliliona lile pezi. Mkuu akafungua kitabu cha Madam. Tangu siku ya sindano peke yake ilikuwa imepita miaka minane.

Tuliitwa ofisini. Mkuu alikuwa na kijiwe mezani na daftari zetu mbili zimefunguliwa ukurasa mmoja.

"Hii mmeona aje sita nyinyi wote?"

Twaha ndiye aliyejibu, na alijibu kwa kunitetea.

"Mimi naweza kukosea, bosi. Lakini Kioko naye kaandika sita, na Kioko hana haraka. Watu wawili hawawezi kuwa vipofu mara moja."

Mimi nilitazama sakafu. Mkuu alifikiri kidogo, akasema basi sote wawili tukapimwe macho.

Tulikwenda siku moja, tukaketi kwenye benchi moja. Mimi niliingia kwanza. Daktari wa macho alinipongeza. Alisema wachache wa umri wangu wanaona hivyo. Twaha alikaa ndani muda mrefu, akatoka na karatasi ambayo hakuweza kuisoma, akanipa mimi nimsomee. Ilikuwa presha ya macho, ya miaka kadhaa. Daktari alikuwa amemweleza kwamba dawa ya matone ingeyalinda macho kama angewahi, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwake kilikuwa kimepotea karibu chote. Nilimsomea karatasi ile hadi mwisho, tarehe na muhuri.

Aliacha kazi kabla ya vuli. Mkuu alinipa barua ya onyo kwa uzembe, akaniacha mezani. Nilifanya kazi miaka yangu ya mwisho peke yangu katika chumba kile, ubao ukiwa bado pale katikati. Nilitoa bahasha zote za zile mvua tano, nikavisoma vijiwe upya kimoja kimoja, na nikaandika nilichokiona. Ripoti zikasahihishwa. Hili ni jambo jema la kazi yenu, ninyi vijana: kijiwe hukaa kwenye bahasha na kukusubiri, na ukirudi baada ya miaka kumi kitakuonyesha pete zilezile. Watu hawako hivyo.

Msomaji wa pili akiwapinga, msimchukie. Na mkigundua kwamba mnakubaliana kuliko kawaida, ogopeni. Mwambieni mwenzenu mlichokiona kijiweni hata kama kitamwondoa chumbani. Hayo ndiyo niliyoombwa kuwaandikia, na ningeweza kuishia hapo, lakini sitakuwa mkweli nisipowaambia nilivyomwambia Twaha.

Ilinichukua miaka. Mwaka jana, baada ya kustaafu, nilikwenda nyumbani kwake mjini siku ya Jumamosi asubuhi. Bi Zuhura alinifungulia, akanikaribisha sebuleni, akaenda jikoni kutengeneza chai. Twaha alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenyooka, kwa kuwa hana tena hadubini ya kumkunja. Alinijua kwa kikohozi.

"Kioko! Wallahi nilidhani Kathiani imekumeza. Keti. Nani anakupikia huko?"

"Najipikia."

"Basi ndiyo maana hutoki. Unaumwa tumbo."

Tulicheka, na nikaona kwamba nikiendelea kucheka sitasema. Nikamwambia. Nilimweleza juu ya ufunguo, raba, tisa na sita. Nilimwambia kwamba siku aliponiuliza kuhusu maziwa mimi nilikuwa naona vizuri. Sikusema kwamba nilikuwa mpweke, maana hata yeye angeweza kulihesabu hilo mwenyewe.

Mikono yake ilikuwa magotini. Aliposema, sauti yake haikuwa na hasira, na heri ingekuwa nayo.

"Unajua kwa nini sikwenda hospitali mapema?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Zuhura aliniambia niende. Mara tatu aliniambia, mara ya tatu akilia. Mimi nikamjibu, Zuhura, tulia. Kila Ijumaa kazini napimwa macho na Kioko, na kila Ijumaa napita."

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliingia, akaliweka birika mezani kati yetu, akarudi jikoni bila kumimina.